Kabla ya Omanyala Kulikuwa na Msee wa Mombasa Anaitwa Seraphino Antao

Ukiambiwa utaje wakimbiaji noma wa Kenya, najua utaanza na Kipchoge, uende kwa Rudisha, halafu umalizie na Omanyala. Wote wa bara. Sasa shika hii: dhahabu ya kwanza ya Kenya kwenye mashindano makubwa ya kimataifa ililetwa na mtoto wa Pwani. Tena si kwa mbio ndefu. Ni zile za kufumba na kufumbua.

Jina lake Seraphino Antao. Alizaliwa 1937 Mombasa, hapo tu, masaa mawili na kitu kwa matatu ukitoka Malindi. Familia yao ilikuwa ya Wagoa. Unajiuliza jina la Kireno lilitoka wapi? Ile nguzo ya Vasco da Gama unayopigia selfie ndiyo jibu lako. Wareno walipita hapa Malindi 1498 wakielekea India, baadaye wakaitawala Goa zaidi ya miaka 400. Wagoa wakabeba majina yao, na wengi wakaja kusaka kazi huku kwetu enzi za mkoloni.

Antao alikimbia wakati mbio hazikuwa na doo. Sheria ilikuwa moja: ukilipwa, umefungiwa. Alienda Cardiff 1958, akaenda Olimpiki ya Roma 1960, akarudi bila medali. Wengi wetu tungeacha hapo. Yeye hakuacha.

Halafu ikafika Novemba 1962, Perth, Australia, michezo ya Jumuiya ya Madola. Kulikuwa na joto la kuua mtu. Wengi macho yao yalikuwa kwa Harry Jerome wa Kanada, mwenye rekodi ya dunia. Kwenye fainali ya yadi 100, Jerome aliumia paja akamaliza wa mwisho. Antao alichomoka akashinda kwa sekunde 9.5. Wa tatu alikuwa Mike Cleary wa Australia, jamaa aliyechezea nchi yake raga pia.

Najua kuna mjuaji atasema ni bahati, kwamba Jerome angekuwa fiti mambo yangekuwa mengine. Sawa buda, lakini kulikuwa na mbio nyingine: yadi 220. Antao akabeba hiyo pia, sekunde 21.1. Dhahabu mbili, michezo ile ile. Bahati haiji mara mbili kwa mpangilio hivyo.

Kumbuka Kenya bado ilikuwa koloni. Uhuru ulikuja Desemba 1963, na Oktoba 1964 tukaenda Olimpiki ya Tokyo kwa mara ya kwanza kama nchi huru. Bendera ilibebwa na nani? Antao. Fikiria hiyo: nchi haijafikisha hata mwaka, bado watu wanabishana nani ni Mkenya kamili na nani ni mgeni, na anayetangulia mbele ya dunia ni Mgoa wa Mombasa.

Tokyo hakufika fainali. Mita 100 zilienda kwa Mmarekani Bob Hayes, ambaye baadaye alihamia NFL kuchezea Dallas Cowboys, akageuza mbio zake kuwa chapaa. Antao hakuwa na mlango kama huo. Alistaafu, akahamia London, na huko ndiko alikofariki Septemba 2011.

Ilichukua miaka 60 kabla Mkenya mwingine kushinda mbio hizo fupi kwenye Madola. Ni Omanyala, Birmingham 2022, na yeye alitokea kwa raga.

Kwa hivyo wewe unayekimbizana na mbogi yako kwenye mchanga maji yakipwa, usikubali mtu akwambie mbio ni za watu wa milimani. Njia ilifunguliwa na mtu wa Pwani. Shida ni kwamba hatukufundishwa jina lake. Sasa unalijua, mwambie na mwingine.