René Jeannel: Daktari aliyewatenganisha mbawakawa wa mapangoni

MBAWAKAWA wawili waweza kulingana rangi, urefu na umbo, kumbe ni wa spishi mbili tofauti. René Jeannel, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1879, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatenganisha wadudu wa aina hiyo.

Jeannel alisomea udaktari wa binadamu, lakini moyo wake ulivutwa na mapango ya milima ya Pyrenees. Wadudu walioishi gizani vizazi na vizazi hupoteza macho na rangi. Wengi hubakiwa na wekundu hafifu tu. Hapo mtafiti anayetegemea rangi hana pa kushika. Mwaka 1907, Jeannel na Mromania Emil Racovitza walianzisha mradi wa kuchunguza viumbe wa mapangoni, na baadaye wakafanya kazi pamoja katika taasisi ya mapango iliyoanzishwa mjini Cluj, Romania, mwaka 1920.

Jibu alilitafuta ndani ya mwili wa dume. Kiungo cha uzazi cha mbawakawa dume kina ganda gumu, na mara nyingi umbo lake hutofautiana kati ya spishi na spishi: hapa ncha imepinda, pale imenyooka. Kiungo hicho hutolewa kwa uangalifu, husafishwa, kisha huchorwa chini ya hadubini. Jeannel hakuwa wa kwanza kukitazama, ila alikitumia kwa mapana kupanga koo nzima za wadudu, hasa katika kazi yake kubwa juu ya kundi la Trechinae, iliyochapishwa kati ya mwaka 1926 na 1930.

Afrika Mashariki aliifahamu vyema. Mwaka 1911 na 1912, akiwa na Charles Alluaud, alikusanya wadudu katika mapango ya Shimoni, pwani ya Kenya, na katika miteremko ya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Alirejea mwaka 1932 katika msafara wa Omo, uliofika pia Mlima Elgon.

Undugu aliouona kati ya wadudu wa mabara yaliyotengwa na bahari ulimfanya aunge mkono hoja ya Alfred Wegener kwamba mabara husogea, wakati wanajiolojia wengi walipoikataa. Alifariki dunia mwaka 1965, miaka michache tu kabla hoja ya mabara kusogea haijakubalika kote.

Njia yake ina mipaka, kwa kuwa jike aliyepatikana peke yake huweza kubaki bila jina. Siku hizi vinasaba husaidia kuziba pengo hilo. Hata hivyo, mtafiti anayetangaza spishi mpya ya mbawakawa wa mapangoni bado huambatanisha mchoro au picha ya kiungo kile kile cha dume.