Katharine Cook wa Mengo: muuguzi wa daftari, wa funguo na wa barabara

Ukiingia leo katika hospitali kuu ya zone ya afya, iwe hapa Uvira, iwe Lemera ao Nundu, utakuta muuguzi mmoja ambaye hachomi sindano mara mingi. Iko na ofisi ndogo, orodha ya zamu ukutani, madaftari juu ya meza na funguo mfukoni. Ni direkta wa uuguzi. Wagonjwa wengi hawajui jina lake. Wengine wanasemaka kwamba alikimbia wagonjwa na kuingia katika makaratasi.

Ili kuelewa kazi yake inaokoa nani, tunawaletea maisha ya mwanamke mmoja aliyeifanya Uganda zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Wakaaji wengi wa kwetu wanaijua Kampala kwa biashara, kwa matibabu ao kwa ukimbizi, na waliofika kule wamepita karibu na kilima cha Namirembe, penye hospitali ya Mengo. Dokta aliyeianzisha, Albert Cook, anatajwa kila mahali. Muuguzi aliyeiendesha ni Katharine Timpson, aliyekuja kuwa Bibi Cook. Yeye ndiye wa leo.

Kutoka London mpaka Mengo

Katharine alizaliwa Uingereza mwaka wa 1863. Alisomea uuguzi London, katika hospitali ya Guy's. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa inageuka. Zamani, kule Ulaya, muuguzi alihesabiwa kama mtumishi wa nyumba: kufagia, kubeba maji, kukesha. Mwaka wa 1860 Florence Nightingale alifungua shule yake ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', palepale London, na kutoka hapo likaenea wazo jipya: wauguzi wasimamiwe na muuguzi mwenzao aliyesoma, mwenye mamlaka juu ya zamu, usafi na nidhamu. Huyo aliitwa matroni.

Wazo hilo halikupita bila vita. Katika hospitali hiyohiyo ya Guy's, mwaka wa 1879 na 1880, kulizuka ugomvi mkali kati ya waganga na matroni mpya, Margaret Burt. Matroni alitaka wauguzi wahamishwe kutoka chumba kimoja cha wagonjwa kwenda kingine ili wajue kazi zote. Waganga walikataa, sababu kila mmoja alikuwa amezoea wauguzi wake. Shida ilikuwa moja: nani anaamuru muuguzi? Ni swali ambalo hata leo linasikika katika hospitali zetu, kati ya mganga direkta, mhasibu na direkta wa uuguzi.

Mwaka wa 1896 Katharine alisafiri na kundi la wamisionari wa kanisa la Anglikana. Ndani ya kundi lile kulikuwa pia dokta kijana, Albert Cook. Walishuka kwenye meli Mombasa. Reli ya kwenda Ziwa Victoria ilikuwa tu inaanza kujengwa, basi safari ya zaidi ya kilomita 1,000 ilifanywa sehemu kubwa kwa miguu, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo kichwani. Dawa zote zilipita njia ile. Walifika Mengo, penye makao ya Kabaka wa Buganda, mwezi wa pili 1897.

Vitanda 12 na mtu wa kuvipanga

Mwezi wa tano wa mwaka ule hospitali ilifunguliwa. Ilikuwa na vitanda 12. Katharine akawa matroni, na akabaki katika kazi hiyo mpaka 1911. Katikati, mwaka wa 1900, aliolewa na Dokta Cook.

Tusimame hapa kidogo. Vitanda 12 vinaonekana kama kitu kidogo. Lakini hata hospitali ya vitanda 12 inaomba maji ya kuchemsha kila siku, mashuka ya kufua, chakula, taa ya usiku, mtu wa zamu ya usiku, mtu wa kumbadilisha asubuhi, na dawa zinazohesabiwa ili zisiishe kabla ya mzigo mwingine kufika kutoka pwani. Mganga akimaliza kupasua anaondoka. Mgonjwa anabaki. Kama kidonda hakikusafishwa na hakuna aliyeandika homa imepanda saa ngapi, kazi nzuri ya kisu inaharibika usiku mmoja. Matroni ndiye anayejibu kwa hayo yote. Na pale Mengo hakukuwa wauguzi waliosoma wa kuwaita. Wasaidizi walipaswa kufundishwa palepale, juu ya kazi.

Nyakati pia hazikuwa nyepesi. Mwaka uleule wa 1897 Kabaka Mwanga aliwaasi Waingereza, na baadaye askari wa Kisudani wa serikali nao wakaasi. Majeruhi wakaletwa Mengo. Kwetu hapa, ambako majeruhi wa risasi waliletwa mara mingi kuliko vile mtu angependa kukumbuka, hatuhitaji kueleza hospitali inakuwa namna gani siku kama zile.

Mwaka wa 1901 Dokta Cook na ndugu yake Jack, dokta pia, walitambua wagonjwa wa malale pale Mengo. Ugonjwa ule uliua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria katika miaka michache, na ulifika pia kwenye pwani za Ziwa Tanganyika. Kiisha mwezi wa kumi na moja 1902 radi ilipiga hospitali ya Mengo, iliyokuwa imejengwa kwa matete na nyasi. Ikaungua. Ilijengwa tena kwa matofali na kufunguliwa mwaka wa 1904. Kuhamisha wagonjwa, kuwatafutia mahali pa kulala, kuanza tena hesabu ya kila blanketi na kila chupa: mambo hayo hayapigwi picha, lakini bila hayo hospitali haifunguki tena.

Wamama na watoto

Kazi yake kubwa ilikuja nyuma, wakati alikuwa amepita miaka 50. Kwenye mwisho wa vita vya kwanza vya dunia, serikali ya kikoloni ilikuwa na wasiwasi kwamba watoto wengi wanakufa Uganda na watu wanapungua. Sehemu kubwa ya lawama ilipewa kaswende. Wachunguzi waliokuja baadaye walionesha kwamba mengi yaliyoitwa kaswende yalikuwa magonjwa mengine yanayofanana nayo, na kwamba katika maneno yale kulikuwa pia kuwahukumu wanawake Waafrika bila haki. Lakini vifo vya uzazi vilikuwa vya kweli, na wamama walikuwa wanajifungua mbali na hospitali.

Katharine na bwana yake walianza kufundisha wasichana wa Uganda ukunga. Masomo yalitolewa kwa Kiganda, na Dokta Cook aliandika kitabu cha uzalishaji katika lugha hiyo. Shule ilipewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana wa wakati ule, na mwaka wake wa kuanzishwa unahesabiwa 1921. Miaka hiyohiyo, upande wa Wakatoliki, Mother Kevin naye alianzisha shule ya wakunga katika hospitali ya Nsambya, ngʼambo ingine ya mji. Mashindano ya makanisa, kwa mara moja, yaliwafaidia wamama.

Lakini kufundisha mkunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumuweka mahali anapohitajika na kutomsahau pale. Wakunga waliopata cheti walitumwa katika vituo vya uzazi vijijini, mbali na Mengo. Katharine akawa msimamizi mkuu wa wakunga na mkaguzi wa vituo vya vijijini. Kwa maneno yetu ya leo, alikuwa direkta wa uuguzi na muuguzi superviza wa zone katika mtu mmoja.

Mkaguzi anatafuta nini

Mtu anaweza kufikiri ukaguzi ni kuja kugombeza. Ukaguzi wa kweli ni kitu kingine. Msichana wa miaka 20 na kidogo anaishi peke yake katika kituo. Usiku analetewa mama ambaye mtoto amekaa vibaya. Hakuna simu, hakuna dokta karibu. Yote aliyo nayo ni alichojifunza, vyombo vyake na daftari lake.

Mkaguzi anapofika, anafungua daftari lile kwanza. Wamama wangapi wamezaa hapa? Watoto wangapi wamekufa, na siku ya ngapi? Kama watoto wanakufa baada ya wiki moja na mwili kukakamaa, inawezekana ni pepopunda, na shida iko kwenye kile kilichokata kitovu. Kama wamama wanatokwa damu na wanafika wamechelewa, shida iko kwenye barabara ao kwenye uamuzi wa nyumbani. Kama daftari iko tupu, ama hakuna wanaokuja, ama hakuna anayeandika, na kila moja inaomba dawa yake. Kiisha anaangalia vyombo kama vinachemshwa, dawa kama zimebaki, mkunga kama amelipwa na kama anaheshimiwa na wakubwa wa kijiji.

Bila ziara ile, mkunga anazoea makosa yake mwenyewe, vyombo vinachakaa, na wamama wanarudi kuzalia nyumbani. Kituo kinabaki na jina juu ya mlango tu.

Mwaka wa 1931 Katharine alianzisha pia shule ya wauguzi pale Mengo. Mwaka wa 1932 Dokta Cook alipewa cheo cha Sir na mfalme wa Uingereza, na yeye akawa Lady Cook. Alikufa mwaka wa 1938, akiwa na miaka kama 75, na alizikwa Namirembe. Bwana yake alimfuata mwaka wa 1951.

Yale ambayo hayakwenda vizuri

Tusimfanye malaika. Shule zile zilikuwa za misheni chini ya ukoloni. Wasichana walichungwa kwa sheria kali za kanisa, na walioteleza walipoteza kazi. Wazazi na wakubwa wengi waliogopa kuona binti ambaye hajaolewa anaishi peke yake mbali na nyumbani, na wakunga wengi waliacha kazi walipoolewa. Na juu kabisa, kwenye kiti cha matroni na cha mkaguzi, aliketi Mzungu. Waganda ndio waliokesha na wamama usiku, lakini majina yao hayakuandikwa katika vitabu kama jina lake. Wauguzi wetu wa Kongo wa wakati wa Wabelgiji wanajua hadisi hiyo vizuri.

Hata hivyo kitu kimoja kilibaki. Wakunga walioanza pale walifundisha wengine, na mpango wa vituo vya vijijini vinavyotembelewa na msimamizi ndio mpango ambao hata sisi tunautumia leo: hospitali kuu katikati, vituo vya afya pembeni, kila kituo na muuguzi wake mkuu, yule tunamuitaka IT, na superviza anayetoka ofisi ya zone kuwazungukia. Na kama vile Mengo, hospitali mingi za kwetu zilizoanzishwa na misheni, Lemera ikiwa moja yao, zilikuja kuingia katika mpango wa afya wa serikali.

Kwa sisi wa pwani ya Tanganyika

Hapa kwetu IT wa kituo cha mlimani anaweza kukaa muda mrefu bila kumuona superviza. Sababu zinajulikana: pikipiki haina mafuta, mto umejaa na kubeba daraja, barabara imefungwa kwa vita, prime haikufika. Ripoti za mwezi zinaandikwa hata vile, wakati mwingine ili kumaliza karatasi tu. Katika hali kama hiyo ni rahisi kusema pesa kidogo iliyopo iende kwenye dawa tu, na ukaguzi ungoje. Maisha ya Katharine Cook yanatuonesha hasara ya hesabu hiyo. Dawa bila mtu wa kuhesabu inaishia sokoni. Mkunga bila mtu wa kumtembelea anachoka. Na mama wa Makobola ao wa Kiliba hatajua kamwe kwamba kilichomuua ni ziara moja ambayo haikufanyika miezi sita kabla.

Basi, mkikutana katika ukumbi wa hospitali na muuguzi mwenye funguo na madaftari, msiseme kwamba hana kazi. Na wale wa kamati za maendeleo za maeneo ya afya, kuanzia hapa Kimanga mpaka milimani, iko swali moja rahisi la kuuliza katika kikao kinachokuja: superviza alifika kituoni kwetu mara ya mwisho tarehe gani, na aliandika nini katika daftari? Jibu linapaswa kuwa na tarehe. Kama halina, hapo ndipo kazi inaanzia.