WALICHEZA MUZIKI WAKE, KUMBE ALIKUWA ANALIA!



Tafadhali usikitupe kikaratasi hiki. Ni dakika chache tu, na huenda zikaokoa maisha yako.

Umewahi kuona fulana nyeusi, labda hata kwenye mitumba, yenye uso wa njano uliochorwa, macho yamepigwa alama ya X na ulimi umetoka nje? Wapo wanaoivaa bila kujua ni ya nani. Ile ni ya bendi ya Marekani iliyoitwa Nirvana. Leo nakusimulia habari za mwimbaji wake, Kurt Cobain. Sikusimulii ili tumseme marehemu. Mimi si hakimu wake. Nakusimulia kwa sababu sitaki maisha yako yaishie pale yake yalipoishia.

Kurt alizaliwa tarehe 20 Februari 1967 huko Aberdeen, mji mdogo wa wakata magogo katika jimbo la Washington. Utotoni alikuwa mchangamfu, anapenda kuchora na kuimba. Alipokuwa na miaka 9, baba na mama wakaachana. Moyo wa mtoto ukapasuka. Ikawa mara yuko kwa baba, mara kwa mama, mara kwa ndugu. Wewe uliyelelewa hivyo unajua ninachosema. Unakuwa na nyumba nyingi, lakini huna kwenu.

Alipotimiza miaka 14, mjomba wake alimchagulisha zawadi, baiskeli au gitaa. Akachagua gitaa. Akalipiga kwa mkono wa kushoto, usiku na mchana.

Sasa sikia jambo ambalo wengi hawalijui. Akiwa bado mwanafunzi, Kurt aliishi kwa muda na familia ya rafiki yake, watu waliookoka. Naye akaanza kwenda kanisani, akashika dini kweli kweli. Lakini haikudumu. Aliacha, akageuka kuwa mpinzani wa mambo hayo. Ndugu yangu, mtu anaweza kufika mlangoni kabisa na asiingie!

Mwaka 1987 alianzisha bendi na rafiki yake Krist Novoselic. Jina walilochagua ni neno la dini ya Kibuddha, maana yake ni kufika mwisho wa mateso. Kumbe kijana alikuwa anatafuta pumziko! Albamu yao ya kwanza, mwaka 1989, iligharimu dola 600 na kidogo tu kurekodi. Kisha akaja mpiga ngoma Dave Grohl, na Septemba 1991 wakatoa Nevermind. Ilipofika Januari 1992, albamu hiyo ilimng'oa Michael Jackson kwenye namba moja huko Marekani! Nakala zaidi ya milioni 30 zimeuzwa duniani.

Mwaka huo huo wa 1992 akaoa, akapata binti. Sasa we sema, si amefika? Pesa anazo. Jina analo. Mke na mtoto anao. Hayo ndiyo unayoyaota wewe kila usiku.

Lakini ndani palikuwa pabovu. Tumbo lilimuuma miaka mingi. Akaingia kwenye heroini, ule unga. Unga uliahidi kumtuliza, ukamfanya mtumwa. Ndiyo kazi ya shetani, anakupa kwa mkono mmoja na kukunyang'anya kwa miwili.

Machi 1994, akiwa Roma, alizidisha dawa akapoteza fahamu. Akapona. Mke na marafiki wakamsihi atibiwe, akapelekwa kwenye kituo cha waathirika huko Los Angeles. Baada ya siku chache akaruka ukuta, akatoroka. Tarehe 5 Aprili 1994 alijiua nyumbani kwake Seattle. Umri wake miaka 27. Binti yake hajafika hata miaka miwili. Alikutwa tarehe 8, na aliyemkuta ni fundi umeme aliyekuja kazini. Mtu anajulikana dunia nzima, na siku tatu zinapita hakuna anayejua amekufa!

Tarehe 10 Aprili maelfu ya vijana walikusanyika Seattle, wanalia. Halafu wakarudi kwenye kaseti zao, wakasikiliza upya. Miezi michache kabla ya kifo, Novemba 1993, Kurt alikuwa amepiga onyesho la sauti ya chini huko New York. Yeye mwenyewe aliagiza jukwaa lijazwe maua ya yungiyungi na mishumaa meusi. Siku ile watu waliona mapambo. Rekodi ilipotoka Novemba 1994, waliona msiba. Maneno waliyodhani ni utundu wa kijana, sasa wakasikia kilio ndani yake. Nyimbo ni zile zile! Masikio ndiyo yaliyobadilika, ila walikuwa wamechelewa.

Sisemi mashabiki walimuua. Walimpenda. Lakini mtu anaweza kupigiwa makofi na elfu kumi, na asiwepo hata mmoja anayesikia.

Barua aliyoiacha aliiandika kwa rafiki wa kuwaza tu, aliyemtunga utotoni. Rafiki asiyekuwepo! Moyo wangu unauma nikifikiria hilo. Kijana, yuko Rafiki aliye hai kweli, na anakusikia hata ukilia kimya kimya chini ya shuka. Jina lake YESU. Soma Mathayo 11:28 uone anavyowaita waliochoka.

Je, na wewe unacheka mbele za watu na kulia peke yako? Umewahi kufikiri bora ufe? Usinyamaze! Mwambie mtu LEO, mama, dada, mwalimu, mchungaji. Kama umenaswa na unga, nenda hospitali pia. Kutibiwa si kukosa imani. Kurt alipokufa, watu waliogopa kwamba vijana wengi wa Seattle wangemfuata. Wataalamu walipochunguza waliona vifo havikuongezeka hivyo, bali simu za kuomba msaada ndizo zilizoongezeka. Waliosema walisaidiwa!

Nasi tuliookoka tutubu. Mara nyingi tunahubiri sana na kusikiliza kidogo. Ukituona hapa mkutanoni, tushike mkono, tuambie. Hatutakucheka.

Kama uko tayari, sali hivi kwa moyo wako wote:

Bwana Yesu, nimechoka. Nimejificha mbele za watu, lakini wewe unanijua. Nisamehe dhambi zangu, nioshe kwa damu yako. Ingia moyoni mwangu, nishike nisikuache. Naamini umenisikia. Amina.

Umesali? Usikae peke yako. Tafuta kanisa la watu wanaomwamini Yesu, ujulikane kwa jina. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako, hasa yule anayecheka sana.