Wakili Argwings-Kodhek (1923–1969)

Abiria wa matatu nambari 46 waelekeao Kawangware huitamka barabara ya Argwings Kodhek kila uchao, wasijue kwamba wanalitaja jina la wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya.

Clement Michael George Argwings-Kodhek alizaliwa Gem, Nyanza, mwaka 1923. Alisoma Makerere, kisha akaenda Uingereza, alikohitimu sheria. Aliporejea mwanzoni mwa miaka ya 1950, mkewe alikuwa Mzungu, na Nairobi ya siku hizo iligawa makazi kwa rangi ya ngozi. Hata pa kuishi, basi, palikuwa suala la kisheria kwake!

Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni iliwanyonga watu zaidi ya 1,000, wengi wao wakiwa Wakikuyu. Kodhek, Mjaluo, alijitwika kuwatetea washukiwa wa Mau Mau pale ambapo kosa la kupatikana na risasi tu liliweza kumfikisha mtu kitanzini. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kilele cha maisha yake, wala si wadhifa wowote alioupata baadaye.

Vyama vya Waafrika viliporuhusiwa mwaka 1955, kwa sharti la kutovuka mipaka ya wilaya, aliasisi Nairobi District African Congress. Katika uchaguzi wa Machi 1957 alishindwa na Tom Mboya, kijana aliyekuwa na nguvu za vyama vya wafanyakazi. Wanahistoria husifu ufasaha wa Mboya, na ni haki yake. Hata hivyo, Mkikuyu hakuruhusiwa kupiga kura bila cheti cha uaminifu kwa serikali. Jamaa za wale aliowatetea Kodhek kwa kiasi kikubwa walifungiwa nje ya sanduku la kura.

Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Gem na waziri. Usiku mmoja wa Januari 1969 gari lake lilipata ajali Hurlingham, naye akafariki. Serikali ilisema ni ajali. Wengi hawakusadiki, na shaka hiyo haijafa hadi leo. Wapiga kura wa Gem walijibu mwaka huohuo kwa kukipa kiti chake chama cha upinzani cha KPU. Tarehe 5 Julai, Mboya naye alipigwa risasi katikati ya jiji.