Mgeni wa Matola

Soma Matendo 28:1, 2. Meli imevunjika, Paulo mfungwa amefika pwani akiwa amelowa, na wenyeji wa Melita, ambao hawajasikia Injili, wanamwashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Tunapojifunza somo la ukarimu, mara nyingi tunajiweka mahali pa mwenye nyumba. Maisha ya Chauncy Maples yanatuweka mahali pa yule aliyelowa.

Maples alizaliwa Uingereza mwaka 1852, akasoma Oxford, na mwaka 1876 akafika Zanzibar kuitumikia Misheni ya Vyuo Vikuu (UMCA) ya Kanisa la Anglikana. Mwaka huohuo Askofu Edward Steere aliongoza kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Zanzibar, kupitia Lindi, akikusudia kuwapeleka upande wa Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi, penye ile milima ya mawe, wakapenda kukaa hapo. Steere akakubali. Kijiji kikaanzishwa, na mwaka 1877 Maples akaja kukitumikia.

Mwezi Septemba 1882 Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, waliivamia Masasi. Baadhi ya watu walichukuliwa mateka, na Porter, mwenzake Maples, akawafuata hadi nchi ya Wangoni akitafuta kuwakomboa. Mtu aliyekwisha kuuzwa mara moja, akadhani yamepita, sasa anaona mikuki mlangoni! Masasi haikuwa tena mahali pa kulala usingizi.

Mwaka 1883 Maples na sehemu ya watu wake walipanda Newala, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, wakaomba kukaa kwa Matola, mkuu wa Wayao. Matola hakuwa Mkristo. Hata hivyo aliwapokea. Tusipite hapa haraka. Kumpokea msafiri anayeondoka kesho ni jambo moja. Kuwapokea watu ambao adui zao wanaweza kuja kuwatafuta nyumbani kwako ni jambo jingine. Tena hawakukaa siku tatu. Maples mwenyewe alikaa Newala hadi mwaka 1886.

Halafu kuna maji. Anayeifahamu Newala anajua kwamba juu ya uwanda ule mvua hunyesha na maji yakazama ardhini. Chemchemi ziko chini, kwenye miteremko na mabondeni. Kwa vizazi vingi, kabla ya mabomba, wanawake walishuka ukingo na kuupanda tena na mitungi kichwani, mwendo wa saa nyingi. Kwa hiyo kila mgeni aliyeongezeka Newala aliongeza safari ya mtungi. Matola alisema karibuni, na neno la mkuu lilikuwa kinga kweli. Lakini kulikuwa na shingo zilizolibeba neno hilo kila alfajiri. Historia imetunza jina la Matola na la Maples. Ya wale wanawake haikuyaandika.

Sasa soma Mwanzo 18:6–8. Ibrahimu ndiye anayesifiwa, na anastahili. Lakini ni nani aliyekanda unga? Ni nani aliyeandaa ndama? Linganisha na Marko 9:41, ambapo Bwana anahesabu hata kikombe kimoja cha maji. Mkizungumza darasani, ulizaneni: wageni wanapotangazwa kanisani siku ya Sabato na mzee akawakaribisha kwa niaba ya wote, ni akina nani walioanza kazi hiyo tangu Ijumaa, siku ya maandalio, na je, waliulizwa kabla ya ahadi kutolewa? (Msiwaachie akina mama peke yao kulijibu swali hili.)

Maples aliondoka Newala akaenda kisiwa cha Likoma, katika Ziwa Nyasa, akafanya kazi huko pamoja na rafiki yake wa tangu Oxford, William Percival Johnson. Mwaka 1895 aliwekwa kuwa askofu huko London, akaanza safari ya kurudi bila kukawia. Usiku wa tarehe 2 Septemba mashua yake ilizidiwa na dhoruba ziwani. Inasimuliwa kwamba aliwaambia mabaharia waogelee wajiokoe, wasihangaike naye. Wao walifika nchi kavu. Maples alizama, akiwa na umri wa miaka 43.