Gottfried von Cramm: Moto Kwa Udongo, Ngori Kwa Nyasi

Kama umewahi kucheza boli kwa murram ya mtaa halafu siku moja mkapelekwa kucheza kwa nyasi safi ya uwanja mkubwa, unaijua hii stori. Yule msee aliyekuwa anawasumbua kila wikendi anapotea kabisa. Miguu ni ile ile, mpira ni ule ule, lakini chini pamebadilika.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Gottfried von Cramm, baroni wa Kijerumani aliyetesa kwa tenisi miaka ya 1930. Paris alikuwa bingwa mara 2. Wimbledon alipoteza fainali 3 mfululizo. Na mara 2 kati ya hizo 3, aliyesimama upande wa pili wa wavu alikuwa Muingereza mmoja, Fred Perry.

Gottfried alizaliwa Julai 1909 huko Nettlingen, karibu na Hanover. Familia ilikuwa na doo za kizazi hadi kizazi, mashamba, farasi, kila kitu. Farasi mmoja ndiye alimng'ata akiwa mdogo akamtoa ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, ule ule wa kushika raketi. Manze, hata hiyo haikumzuia. Alitumwa Berlin kusomea sheria, lakini vitabu vikakaa kando. Akajiunga na klabu ya Rot-Weiss, na huko kulikuwa na viwanja vya udongo.

Ngoja tuelewane hapo kwa udongo. Si matope, na si murram pia. Ni matofali yaliyosagwa mpaka yakawa unga mwekundu. Mpira ukigonga hapo unakwama kiasi, unapunguza spidi, halafu unaruka juu mpaka bega. Kwa nyasi ni kinyume: mpira unateleza, unabaki chini karibu na magoti, na umeshakupita kabla ujipange.

Sasa angalia hawa wasee wawili. Von Cramm alikuwa na mipigo mirefu, safi, ya kuvuta raketi mpaka nyuma kabla aachilie. Inataka muda, na udongo unakupa muda. Servisi yake ya pili ilikuwa maarufu kwa kuruka juu, na kwa udongo iliruka zaidi. Perry naye, mtoto wa Stockport, alikuwa bingwa wa dunia wa tenisi ya meza mwaka wa 1929. Alitoka na ule mtindo wa mezani: anaupiga mpira ukiwa bado unapanda, kwa kifundo cha mkono, huku anakimbia mbele. Mtu kama huyo ukimpa nyasi, amefika nyumbani.

1934 von Cramm alichukua Paris. Kwa fainali Muaustralia Jack Crawford alibakisha pointi moja tu kushinda, lakini jamaa akakataa kufa, akageuza mechi na kumaliza kwa seti 5. Mwaka huo huo Perry akachukua Wimbledon yake ya kwanza. Kila mtu na uwanja wake, poa.

Halafu 1935 Perry akamfuata mpaka kwake. Fainali ya Paris, kwa udongo ule ule: 6-3, 3-6, 6-1, 6-3, Muingereza ameshinda. Kwa taji hilo Perry akawa mtu wa kwanza kuwahi kushinda mashindano yote 4 makubwa. Kwa hivyo usiseme eti ni uwanja peke yake unaoamua. Kuna watu wana gemu ya kubeba popote. Wiki chache baadaye wakapatana kwa nyasi ya Wimbledon, na hapo Perry alihitaji seti 3 tu.

1936 ndio mwaka wa kuangalia. Paris, fainali tena, hao hao wawili. Von Cramm akachukua seti ya kwanza 6-0, ya tano pia 6-0. Kumpiga Perry yai, mara 2, kwa mechi moja! Huyo ndiye alikuwa bora duniani hiyo time. Halafu wakavuka bahari, wakaingia Wimbledon, na Perry akamnyorosha 6-1, 6-1, 6-0. Mechi haikufika hata saa moja. Lakini usikimbilie kulaumu nyasi: von Cramm aliumia msuli wa mguu mapema kabisa, na Perry, ambaye hakuwa mtu wa huruma uwanjani, aliendelea kumkimbiza kule kule alikoumia. Mwaka huo ukiisha Perry alienda kucheza kulipwa, na hawa wawili hawakupatana tena kwa mashindano makubwa.

1937 Mmarekani Don Budge akachukua nafasi ya Perry kama ngori mpya. Akamshinda von Cramm fainali ya Wimbledon, halafu ya Marekani pale Forest Hills, zote kwa nyasi. Katikati ya hizo mbili kulikuwa na mechi ya Davis Cup, tena Wimbledon, Ujerumani na Marekani zikiwa 2-2. Von Cramm alichukua seti 2 za kwanza. Kwa seti ya tano alikuwa mbele 4-1. Budge akarudi akashinda 8-6. Wengi waliiona siku hiyo waliiweka kati ya mechi kali zaidi za wakati wao.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya kuliko nyasi yoyote. Wanazi walimtaka awe uso wao: mrefu, nywele za dhahabu, mtoto wa ukoo. Alikataa kujiunga na chama. Machi 1938, akiwa ametoka safari ya Australia, makarao walimkamata chini ya kifungu cha 175, sheria iliyokataza mapenzi ya mwanaume na mwanaume. Mpenzi wake alikuwa Manasse Herbst, mwigizaji Myahudi, na von Cramm alikuwa amemsaidia kwa pesa alipotoroka nchi. Akahukumiwa mwaka mmoja. Budge alikusanya sahihi za wanamichezo wenzake kumtetea, na mwaka huo huo Budge akashinda mataji yote 4 makubwa. Von Cramm aliachiliwa kabla mwaka kuisha.

Hii inayofuata ndiyo huniuma. Juni 1939 alirudi London kucheza Queen's Club. Queen's ni nyasi. Akakutana na Bobby Riggs wa Marekani, akamchapa 6-0, 6-1, halafu akabeba taji. Wiki chache mbele Wimbledon ikaanza na jina la von Cramm halikuwepo. Aliyeshinda? Riggs. Yaani mwaka ambao nyasi ilikuwa imemkubali ndio mwaka ambao hakuwa uwanjani, na Septemba vita ikaanza.

Alipelekwa jeshi, mbele ya Urusi, miguu ikaungua na baridi. Vita ilipoisha alirudi kwa udongo. Alishinda ubingwa wa Ujerumani 1948 na 1949, na hiyo ya pili alikuwa na miaka 40, buda mzima. 1951 wakamwona tena Wimbledon, akatolewa raundi ya kwanza na Jaroslav Drobný.

1955 alimwoa Barbara Hutton, mrithi wa utajiri wa maduka ya Woolworth, ndoa ambayo haikudumu. Baadaye alikuwa mtu wa biashara ya pamba, na pamba ndiyo iliyompeleka Misri mara kwa mara. Novemba 1976, akiwa na miaka 67, alikufa kwa ajali ya gari karibu na Cairo.