Nikola Tesla: Mchumia Juani Aliyekosa Kivuli

Katika historia ya sayansi wapo watu ambao majina yao hutajwa kila uchao pasipo watajaji kuzijua habari zao. Miongoni mwao ni Nikola Tesla. Jina lake limekuwa kipimo cha nguvu za sumaku tangu mwaka 1960, na tangu mwaka 2003 limechukuliwa na kampuni ya magari. Hata hivyo, mwenye jina alifariki akiwa peke yake katika chumba cha hoteli, akiandamwa na madeni.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai 1856 katika kijiji cha Smiljan, kilichokuwa chini ya Dola ya Austria na ambacho leo kimo nchini Kroatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Kiorthodoksi na alitamani mwanawe amrithi madhabahuni. Mama yake, Georgina, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alihifadhi moyoni tenzi nyingi za kishujaa za watu wake na alikuwa hodari wa kubuni vifaa vya kazi za nyumbani. Tesla mwenyewe aliamini kwamba kipawa chake cha kukumbuka na kubuni kilitoka kwa mama huyo. Kwa hiyo chimbuko la mvumbuzi huyu halikuwa maabara. Lilikuwa jikoni mwa mwanamke aliyebeba fasihi simulizi ya jamii yake.

Mwaka 1873 kijana huyo aliugua kipindupindu, akalala kitandani miezi mingi huku jamaa wakikata tamaa. Baba yake akamwahidi kwamba akipona atamruhusu kusomea uhandisi. Alipona, na mwaka 1875 akaingia chuo cha ufundi cha Graz, ingawa hakuhitimu. Mwaka 1882, akitembea bustanini mjini Budapest, ndipo ilipomjia picha kamili ya mota inayoendeshwa na uga wa sumaku unaozunguka, yaani mota inayotumia mkondo geu wa umeme.

Aliwasili New York mwaka 1884 na kuajiriwa katika kiwanda cha Thomas Edison, aliyekuwa mtetezi wa mkondo mnyoofu. Hakukaa hata mwaka mmoja. Kampuni aliyoianzisha na wafadhili ikamponyoka, naye akalazimika kuchimba mitaro ili apate riziki. Nyota yake ilianza kung'aa mwaka 1888, George Westinghouse alipochukua haki za kutumia hataza zake. Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya mwaka 1893 yakamulikwa kwa mkondo geu, na mwezi Novemba 1896 umeme wa maporomoko ya Niagara ukaufikia mji wa Buffalo. Lakini kampuni ya Westinghouse ilipokumbwa na ukata, Tesla alikubali kuachilia malipo ambayo angeendelea kuyapata. Mwaka 1897 hataza zake zikanunuliwa kwa dola 216,000, kiasi kidogo mno kikilinganishwa na utajiri uliotokana nazo.

Kazi iliyomjengea sifa ya ajabu ni koili inayoitwa kwa jina lake, aliyoibuni mwaka 1891. Muundo wake si mgumu kuueleza. Kapasita hujazwa chaji ya umeme hadi inapozidiwa. Chaji hiyo huruka kwa cheche na kupita katika koili ya kwanza yenye mizunguko michache ya waya mnene. Umeme huenda na kurudi baina ya koili na kapasita kwa kasi kubwa mno. Kando yake husimamishwa koili ya pili yenye mamia ya mizunguko ya waya mwembamba. Koili hizo mbili zikipatanishwa zitetemeke kwa mwendo mmoja, nguvu hurundikana katika ile ya pili hadi volteji inapofika malaki, na mapanga ya mwanga yakaruka hewani. Ni mfano wa mtoto anayesukumwa kwenye pembea: anayesukuma hahitaji nguvu nyingi, anahitaji kusukuma kwa wakati wake.

Upatanifu huohuo ndio msingi wa redio. Msikilizaji wa Majoreni, huko Kwale karibu na mpaka, anapozungusha kitufe cha redio ya kizamani kuihama idhaa ya Kenya na kuitafuta ya Tanzania, anaibadili kapasita ili ipatane na koili kwa masafa ya idhaa anayoitaka, na nyingine zote zikabaki nje.

Mwaka 1899 Tesla alihamia Colorado Springs, akajenga koili yenye kipenyo cha takriban mita 15 na kuzalisha radi za kutengenezwa na binadamu. Alirejea na ndoto kubwa zaidi: kusambaza habari na hata nguvu za umeme duniani kote bila waya. Mwaka 1901 tajiri J. P. Morgan alimpa dola 150,000, na mnara wenye urefu wa mita 57 ukaanza kujengwa Wardenclyffe. Mwezi Desemba mwaka huohuo, Guglielmo Marconi akatangaza kuwa amepokea ishara kutoka ng'ambo ya Atlantiki kwa mitambo ya gharama ndogo. Morgan akakataa kuongeza fedha. Mnara haukukamilika, na mwaka 1917 ukabomolewa.

Marconi alishirikishwa Tuzo ya Nobel mwaka 1909. Tesla hakuipata kamwe. Alifariki tarehe 7 Januari 1943. Miezi mitano baadaye, Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha baadhi ya madai ya hataza ya Marconi kuhusu upatanishaji wa saketi, kwa kuwa Oliver Lodge, Tesla na John Stone walikuwa wametangulia. Uamuzi huo haukumtawaza Tesla kuwa mvumbuzi pekee wa redio, kama wapenzi wake wanavyodai. Vilevile, hakuna ushahidi kwamba aligundua umeme usio na chanzo. Kumzulia sifa hizo ni kumdhulumu mara ya pili, kwani alichokifanya kinatosha.

Warithi wake wa leo ni maelfu ya mafundi wa kujifurahisha wanaozungushia waya kwenye mabomba ya plastiki nyumbani ili kuziona cheche zilezile. Wengi wao hujifunza mapema kwamba kapasita huhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na kwamba umeme huo huweza kuua. Wahenga walinena kuwa mchumia juani hulia kivulini. Maisha ya Tesla yanaonyesha kwamba kivuli si haki ya mchumaji ikiwa shamba ni la mwingine: aliyemiliki ubunifu alikuwa yeye, waliomiliki mtaji walikuwa wengine. Majivu yake yalipelekwa Belgrade mwaka 1957, nayo yamehifadhiwa katika makumbusho yenye jina lake, ndani ya chombo chenye umbo la tufe.